Kompyuta Iliyowekwa Malambo

Katika sekondari moja ya kata huko Kansay kulikuwa na chumba ambacho hata mkuu wa shule alibisha hodi kabla ya kuingia. Ukikitazama hakikuwa chumba cha maana: dirisha moja lenye nondo, meza mbili, stuli moja, rundo la karatasi lililofunikwa turubai kwa sababu bati lilivuja, na juu ya meza kubwa, mashine ya kudurufu yenye ukubwa wa mbuzi aliyelala. Mwenye chumba alikuwa Lusia, ambaye shule nzima ilimwita Mama Beatrice. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye vidole vilivyokolea wino ambao hata sabuni ya Pasaka haikuutoa.

Mashine ile mwalimu wa hisabati aliibatiza Mama Mkwe. Alisema haiguswi ovyo, haiharakishwi, na ikinuna hakuna anayejua kosa ni lipi. Mwalimu aliyejaribu kuiendesha mwenyewe ilimtafunia karatasi mbili, ikamtemea ya tatu, kisha ikawasha taa nyekundu ikanyamaza. Lusia akija alifungua ubavu, akavuta ngoma ya wino, akaipangusa kwa kipande cha kanga, akairudisha, akaipiga mashine kofi dogo, na Mama Mkwe huyoo, chaka-chaka-chaka, karatasi mia kwa dakika. Walikuwa pamoja miaka kumi na tisa. Patrisi, mume wa Lusia, alizoea kuwaambia wageni kwamba mke wake ana ndoa mbili, na ile ya nyumbani ndiyo ndogo.

Kazi yenyewe ilikuwa mitihani. Kila mwaka shule sita za jirani hufanya mtihani wa pamoja, ule unaoitwa wa ujirani mwema, na karatasi zote zilichapwa katika chumba kile. Miaka yote hiyo halikuwahi kutoka mlangoni swali hata moja kabla ya siku yake. Lusia alichoma mwenyewe kila masta, ile karatasi nyembamba ambayo mashine huchora juu yake sura ya ukurasa, na hata nakala zilizoharibika alizichoma. Kama kuna aliyetaka ushahidi, ushahidi ulikuwa Beatrice, binti yake wa kumzaa, aliyepata kumi na tano katika Baiolojia alipokuwa kidato cha pili. Mama yake alikuwa ameuchapa mtihani ule siku mbili kabla. Alirudi nyumbani, akasonga ugali, akamtazama mtoto akikariri sura ya macho huku akijua kwamba swali zima ni la figo, na hakusema kitu. Alisema tu, "Soma na kurasa nyingine, mama." Ndilo neno lililokaribia wizi kuliko yote aliyowahi kuyatamka, na bado alikwenda kuliungama kwa padri.

Sasa Jumatatu moja ya mwezi wa nane, wiki mbili kabla ya ujirani mwema, Mama Mkwe akapofuka. Lusia aliweka ukurasa juu ya kioo, akabonyeza, zikatoka karatasi nyeupe pe, safi kama zilivyoingia. Taa ya chini ya kioo, ile inayousoma ukurasa, ilikuwa imekufa. Ngoma ilikuwa nzima, wino upo, mikono yote ya ndani inafanya kazi. Macho tu ndiyo hayakuwepo, na taa ya namna ile hakuna duka lililokuwa nayo, si Karatu wala Arusha.

Mkuu wa shule, Mwalimu Julius, alikuwa amehamia mwezi wa kwanza. Si mtu mbaya. Alikuwa na mashati yenye mstari wa pasi na laptopu nyembamba kama sahani, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kila kitu cha shule lazima kiwe na namba. Alitembea na kopo la rangi nyeupe na brashi ndogo, akaandika namba kwenye madawati, ndoo, majembe, sufuria za jikoni, na hata kwenye mjakaranda wa mbele ya ofisi. Wanafunzi walisema ukisinzia mstarini utaamka una namba ya shule kisogoni.

"Mama Beatrice," alisema akiwa amesimama mlangoni, "nimeuliza watu. Mashine za aina hii zinaweza kupokea kazi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, bila kutumia kile kioo. Ukifanikiwa kuiunganisha na laptopu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, tutaendelea. Ikishindikana, mitihani tutaipeleka mjini ikachapwe dukani, mashine itaenda kwa watu wa vyuma chakavu, na wewe nitakuhamishia stoo ya chakula."

"Sawa, Mkuu," alisema Lusia, maana alilelewa vizuri. Mkuu alipoondoka, Lusia alikaa kwenye stuli akalia kidogo. Stoo ya chakula si jela, na kupima maharage si aibu. Lakini dukani mjini kila anayeingia kupiga picha ya pasipoti anasimama nyuma ya bega la mchapaji, na yeye alikuwa amemtazama mtoto wake akifeli ili siri ikae. Sasa siri ile ikawekwe kaunta? Alijifuta machozi kwa kanga ya kupangusia wino, akatoka chumbani na uso wa mtu aliyetoka kuchoma mkaa.

Siku ya pili alikuja Hilary, fundi kutoka Karatu mjini. Huyu ni mtu mzima mwenye kitambi na kicheko. Kazi yake kubwa ni kutengeneza redio za magari ya watalii, na kompyuta ni kazi yake ya mvua, wageni wanapokuwa wachache. Aliizunguka Mama Mkwe mara mbili, mikono nyuma.

"Mama, huyu ni faru mweusi," alisema. "Wapo, lakini kumwona ni bahati. Tusogeze nimwone mgongo."

Wakaisogeza. Hilary akapiga magoti, kitambi kikamzuia, akalala kabisa sakafuni.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema Lusia.

"Nimeinama, mama, sijui kuinuka tu." Alifungua skrubu mbili, kikatoka kibati, na nyuma yake kulikuwa na tundu pana lenye vishimo vingi vidogo katika safu mbili. "Tundu lipo! Ila ni la zamani, la enzi za mababu. Laptopu ya Mkuu ina matundu mawili tu, membamba kama mlango wa mchwa."

Hakukata tamaa. Aliagiza Arusha waya wa kuunganishia, wenye mdomo mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, ukafika Alhamisi na gari la mboga. Wakaunganisha. Laptopu ikasema imeona kitu. Mwalimu Julius akaleta ukurasa wa kujaribia, Hilary akabonyeza, Mama Mkwe akaguna, akavuta pumzi, kisha akatoa karatasi sitini na nane mfululizo, kila moja ina alama moja ya mshangao kwenye kona. Lusia alichomoa waya wa umeme ukutani.

"Angalau amejibu," alisema Hilary.

"Amejibu kama mama mkwe," alisema Mwalimu Julius, akarudi ofisini.

Hilary alikaa chini akitafuna kalamu. Hapo ndipo macho yake yalipopanda ukutani. Juu ya kalenda ya parokia kulikuwa na karatasi iliyogeuka njano, yenye neno moja kwa herufi kubwa: KARIBUNI.

"Hii nayo ilitoka wapi?"

"Kwenye hii hii mashine," alisema Lusia. "Siku walipoileta. Yule mtaalamu aliyeileta aliandika kwenye kompyuta iliyokuja nayo, ikatokea hapa bila kuweka kitu juu ya kioo. Tukapiga makofi. Halafu walimu wakaogopa, wakasema kioo ndicho rahisi, basi akafunga kibati akaondoka. Na waya wake ndio ule."

Alionyesha juu. Kutoka msumari hadi msumari ulitandazwa waya mnene wa kijivu, na juu yake zilikuwa zimeanikwa kwa vibanio karatasi zenye wino mbichi. Hilary aliuangalia kama mtu aliyekuta kitenge cha harusi kimefanywa dekio.

"Mama. Huo waya umeufanya kamba ya kuanikia?"

"Miaka kumi na tisa. Haujakatika."

Hilary akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaeleza taratibu. Mama mkwe haongei na mkwe moja kwa moja, anataka mshenga. Laptopu ya Mkuu na mashine hii hazijui lugha moja. Lakini ile kompyuta ya zamani, iliyoletwa pamoja na mashine, ina tundu pana la upande wake na ina programu ya kuongea na mashine, iliyowekwa na yule mtaalamu mwenyewe. Kazi itatoka kwenye laptopu kwa flashi, itaingia kwa yule mzee, naye atampelekea Mama Mkwe kwa heshima zote.

"Kwa hiyo, mama, kompyuta ya zamani iko wapi?"

Lusia alipanguza vidole ambavyo tayari vilikuwa vimepanguzwa. "Ipo. Nimeiweka."

"Stoo?"

"Malambo."

Inabidi hapa msomaji aelezwe, kama Hilary alivyoelezwa, ingawa yeye ni Mwiraqw na alielewa nusu ya kwanza kabla haijasemwa. Miaka minne nyuma, mkuu aliyetangulia alipokuwa akistaafu, alifuta vifaa chakavu kwenye orodha ya shule na ile kompyuta akampa Lusia kama ahsante. Nyumbani kwa Lusia umeme ulikuwa haujafika. Wakati huo huo mlinzi wa shule, Lekoko, Mmasai mmoja mrefu aliyelinda geti kwa miaka kumi na moja, alikuwa anarudi kwao Malambo, na binti yake Seenoi alikuwa amemaliza kidato cha nne na hakuwa na shughuli. Lusia akamwambia, "Lekoko, kaa na hii kompyuta."

Sasa kwa Wairaqw jambo hilo ni la kawaida kuliko chai. Ukiwa na ng'ombe na nyasi huna, unamweka kwa mtu. Yeye anamlisha, anakunywa maziwa, anatandaza samadi shambani kwake, na ng'ombe anabaki wako. Unaweza kukaa miaka kumi hujamwona, na unalala vizuri. Hivyo ndivyo Lusia alivyolala miaka minne.

"Basi tunakwenda kumchukua ng'ombe," alisema Hilary.

Waliondoka Jumamosi alfajiri na Land Rover ya Hilary, waya wa kijivu ukiwa umekunjwa ndani ya mfuko wa Lusia. Kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la wanyama, Hilary alisimamisha gari ili mama aone, maana alikuwa amezaliwa na kukulia wilaya ya jirani na hajawahi kufika. Lusia alishuka, akafunga kanga vizuri, akatazama. Ukungu ulikuwa umejaa hadi kwenye viatu vyake.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mama. Iko chini humo."

"Na Wazungu wanapanda ndege kuja kuangalia hii?"

Waliposhuka upande wa pili ukungu uliisha ghafla, wakaingia uwanda wa Olbalbal, na vumbi likachukua zamu. Huko mvua ilikuwa imepitisha miezi bila kunyesha. Walipishana na makundi ya ng'ombe yakienda majini, mbavu zinahesabika, wachungaji wakitembea nyuma na vijiti mabegani, na kila mara Hilary alizima gari na kusubiri wapite, kwa sababu mnyama mwenye kiu hapigiwi honi. Lusia alikuwa akipanga maneno. Atasalimia, atatoa sukari na majani ya chai aliyobeba, atauliza afya, halafu atasema: Lekoko, nimekuja kumchukua ng'ombe wangu. Maneno mepesi. Hata mtoto angeyaweza.

Malambo walifika mchana. Hawakuhitaji kuuliza zaidi ya mara moja. Mzee wa kwanza waliyemuuliza nyumba ya Lekoko alimwangalia Lusia, akaangalia vidole vyake, akapiga makofi. "Pakompyuta!" alisema, akawaonyesha njia kwa fimbo.

"Amesema nini?" aliuliza Lusia.

"Sijui, mama. Labda anauliza kama tumeleta kompyuta."

Lekoko alitoka nje kabla gari halijasimama. Alikuwa amezeeka kidogo, shuka lake jekundu limekwajuka, lakini kicheko kilikuwa kile kile cha getini.

"Takwenya!" alimsalimia.

"Iko!" alijibu Lusia, ambaye miaka kumi na moja ya kupita getini ilimfundisha angalau hilo.

"Pakompyuta! Umekuja mwenyewe! Njooni mwone," akawaita majirani, "ndiye huyu, ndiye Pakompyuta wangu!" Akamgeukia Hilary kumfafanulia, kwa sauti ya mtu anayetambulisha kitu chenye thamani. "Fundi, sisi ukinipa ng'ombe, siku hiyo jina lako na langu yanakufa. Mimi nakuita Pakiteng', na wewe unaniita Pakiteng', mpaka tuzikwe. Ukinipa kondoo, tunaitana Paker. Huyu mama alinipa kompyuta. Wazee walikaa wakajadili, wakasema hakuna njia, ni Pakompyuta. Malambo nzima tuko wawili tu, mimi na yeye."

Hapo Lusia akaelewa. Alikuwa ameweka. Mwenzake alikuwa amepewa. Miaka minne ng'ombe mmoja alikuwa na wenyewe wawili, na kila mmoja alikuwa analala vizuri.

Wakaingizwa sebuleni. Na hapo Lusia alimwona ng'ombe wake. Kompyuta ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha shanga, inaunguruma kwa umeme wa sola. Mbele yake alikaa Seenoi, sasa mwanamke kamili wa miaka ishirini na miwili, na kwenye benchi walikaa watu wanne wakisubiri kuingiziwa nyimbo kwenye simu. Seenoi aliinuka haraka akaja akainamisha kichwa, Lusia akamgusa utosini kwa heshima inayostahili. Ubavuni mwa kompyuta, kwenye plastiki, palikuwa na alama ya duara lenye mkia, imechomwa kwa chuma cha moto. Ni alama ile ile iliyokuwa kwenye mapaja ya ng'ombe wa Lekoko.

Chai ikaja, maziwa mengi kuliko maji. Wakaulizana habari. Habari za Kansay, habari za mvua, habari za mwalimu wa hisabati, habari za Beatrice ambaye sasa ni muuguzi na anajua figo vizuri kabisa. Hilary alikohoa mara tatu akimwashiria Lusia. Lusia akamimina chai nyingine. Alimwangalia Seenoi akimwonyesha bibi mmoja namna ya kuchagua wimbo wa kanisa, akaona kwamba yale maneno mepesi hawezi kuyasema. Bora maharage, alijiambia. Bora stoo.

"Basi, tumefurahi kuwasalimia," alisema akiinuka. "Kesho asubuhi tutarudi."

Lekoko aliweka kikombe chini. "Pakompyuta. Mimi nililinda geti miaka kumi na moja, najua mtu anayetoka na kitu amekificha. Hakuna mtu anayetoka Kansay mpaka Malambo na fundi, na waya mfukoni, kuja kunywa chai. Rafiki wa zawadi akiwa na shida anasema. Kama hasemi, amenitukana."

Basi Lusia akasema. Alisema yote: taa iliyokufa, Ijumaa, duka la mjini, stoo ya chakula. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuungama, akasema na lile lililokuwa gumu kuliko yote. "Na mimi, Lekoko, nilikuwa najua nimekuwekea. Kama tunavyoweka ng'ombe sisi. Sikujua nimekupa. Unisamehe, hilo jina sikulistahili."

Hata wale wa kwenye benchi, ambao hawakuelewa Kiswahili chote, walielewa kwamba kuna kitu kimeanguka. Lekoko alitazama paa, kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka shuka likamwanguka begani.

"Miaka minne!" alisema. "Miaka minne nakunywa maziwa ya ng'ombe wa mtu!" Akajifuta macho. "Sasa nisikilize. Zawadi hairudi. Nikikurudishia, jina limekufa, na mimi nirudi kuwa Lekoko tu kama watu wengine? Hapana. Kompyuta ni yangu, ulinipa, kama ulijua au hukujua. Lakini niambie, kwenu mtu akiwekewa ng'ombe anapata nini?"

"Maziwa," alisema Lusia. "Na samadi."

"Na ng'ombe ni wa nani?"

"Wa aliyemweka."

"Basi mimi nakuwekea. Desturi ni ya kwenu, huwezi kuikataa. Mchukue kompyuta wangu, mpeleke Kansay, mkamue mitihani. Njaa ya huku ikipita, nitakuja kumtazama."

Lusia alifunika uso kwa kanga. Ni Seenoi aliyevunja shangwe. Alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono kifuani.

"Yeyoo, mama huyu, anakamua huko, baba anabaki na jina," alisema. "Na mimi nabaki na nini? Benchi?"

Alikuwa na haki, na kila mtu aliona. Lusia alikuwa anafungua kinywa kusema basi, iacheni, ndipo Hilary alipoinuka polepole. Alikwenda kwenye gari, akarudi na laptopu yake ya kazi, kuukuu, kona moja ya kioo imepasuka. Aliishika kifuani kama mtu anayesita kumtoa mtoto akabatizwe.

"Nyimbo hazihitaji tundu la zamani," alisema. "Na hii inakula sola kidogo. Lakini kwanza nauliza, mzee. Mtu akitoa hii, ataitwaje?"

Lekoko aliangalia majirani. Majirani wakanong'ona kwa Kimaa, mmoja akapinga, wawili wakakubali.

"Palaptopu," alitangaza Lekoko. "Wewe na Seenoi."

Hilary akaiweka mezani mara moja. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na siku ile moyo wa Hilary ulikuwa mpana kama kitambi chake. Jioni yote walihamisha nyimbo elfu tatu, na Seenoi akamweleza Lusia tabia za yule mzee, yaani kompyuta: kila akiamka amesahau tarehe, anadhani ni miaka ishirini na zaidi iliyopita, usibishane naye, bonyeza kitufe cha kwanza juu, atakubali.

Jumatatu walimkalisha mshenga pembeni ya Mama Mkwe. Hilary aliunyoosha kwa sindano ya kushonea mguu mmoja wa waya uliokuwa umepinda, akachomeka huku, akachomeka kule. Waliwasha. Mzee akadai ni mwaka wa zamani, Lusia akabonyeza bila kubishana. Ndani yake, chini ya nyimbo zote, bado kulikuwa na faili moja la yule mtaalamu. Wakalifungua, wakalituma. Mama Mkwe aliguna, akavuta pumzi, akatulia kwa muda ambao Lusia alisali nusu ya Salamu Maria. Kisha ikatoka karatasi moja, nyeusi imekolea: KARIBUNI.

Lusia aliibandika ukutani kando ya ile ya njano.

Kufikia Ijumaa masomo saba yalikuwa yamechapwa, na mafurushi yamefungwa, ya shule sita, kila moja na lakiri yake. Mwalimu Julius aliingia, safari hii, kwa furaha, akisahau kubisha hodi. Mkononi alikuwa na kopo la rangi.

"Mama Beatrice, hongera sana. Nimekuja kumsajili huyu mzee." Akachovya brashi, akaisogelea kompyuta.

Lusia alisimama katikati. Hakuwahi kusimama mbele ya mkuu yeyote namna ile.

"Samahani, Mkuu. Huyu ana alama yake."

Mwalimu Julius akachungulia lile duara lenye mkia. "Hii ni nini?"

"Ya mwenye mali. Mzee Lekoko wa Malambo. Ameniwekea, na ng'ombe wa kuwekewa hachomwi alama nyingine. Ukimchoma, umemwiba."

"Lakini vifaa vyote vya chumba hiki lazima viwe na namba ya shule. La sivyo havikai."

"Basi hatakaa," alisema Lusia. "Nitamrudisha Malambo kesho. Na mimi utanikuta stoo, nitakuwa napima maharage. Bado somo moja, Historia. Utalipeleka mjini."

Brashi ilikuwa hewani. Tone la rangi nyeupe likadondoka kwenye kiatu cha Mkuu, kilichokuwa kimepigwa kiwi vizuri sana asubuhi ile. Mwalimu Julius alitazama kiatu, akatazama mafurushi yenye lakiri, akatazama zile karatasi mbili ukutani. Kwao ni Mbulu, kwa Wairaqw wenyewe, ingawa Arusha ilikuwa imemkalisha mbali. Lusia aliona uso wake ukikumbuka kitu.

"Babu yangu aliwekewa dume na mtu wa Dongobesh," alisema taratibu. "Alikufa bila kumbadilisha hata kengele."

Akainama, akaandika namba kwenye stuli ya Lusia, kwa kuwa rangi ilikuwa imeshachovywa, akatoka.

Lusia alibaki amesimama, maana stuli ilikuwa mbichi. Ndipo simu ikalia.

"Pakompyuta," ilisema sauti kutoka mbali, upepo ukivuma ndani yake. "Ng'ombe wangu anaendeleaje?"

"Hajambo, Pakompyuta," alisema Lusia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitumia jina lile, na lilimkaa mdomoni vizuri. "Wiki hii ametoa karatasi elfu nne."

"Elfu nne! Usimkamue mpaka mwisho, mama. Mbakizie ndama."

"Nitambakizia."

Alikata simu, akaipiga Mama Mkwe kofi dogo ubavuni, wakaanza Historia.